Kinachokula Moto wa Bikizee

2 Machi

Mdogo wangu,

Shikamoo yako niliipata, marahaba, ila barua yenyewe ilikuwa fupi kuliko risiti. Sisi tupo. Mama mgongo unamsumbua lakini mdomo ni mzima, anasema kwenye picha umekonda na shati si lako. Binti yangu mkubwa kapata kazi ya kushona kwenye kiwanda cha nguo. Shemeji yako anazeeka kwa kelele, akiinuka kwenye kiti utadhani anapandisha mzigo.

Sasa shida ni Bikizee. Hili lori la marehemu Baba limenishinda tabia. Jioni linaegeshwa zima, asubuhi ukigeuza ufunguo linasema tik, basi. Nikanunua betri mpya. Wiki haikuisha, tik. Shemeji yako anasema kuna kitu kinakula moto. Mimi nikasema kitu chenyewe ni yeye na redio yake ya mpira. Nikamnyang'anya redio, tukanuniana, na betri ikafa vile vile. Nikamshuku mlinzi wa jirani, labda anaazima betri usiku kuwashia mambo yake. Nikaifunga kwa mnyororo na kufuli kama mbuzi. Asubuhi kufuli lipo, moto haupo.

Ungekuwa mchezo ningecheka. Pale kiwanda cha matofali magari yanapangwa alfajiri, ukichelewa zamu yako kapewa mwingine. Msimamizi kaniambia kwa upole, na huo upole ndio umenitisha, kwamba likiendelea kulala hivi watatafuta gari lingine. Unajua nyumba hii inakula kwa lori hilo, na mtu wa kuendesha ni Shemeji yako tu. Tangu tumfukuze Taratibu sijathubutu kuajiri dereva mwingine. Mtu aliyemwendeshea Baba miaka yote akatuibia dizeli, huyo mgeni si ataniuzia magurudumu? Mpaka leo nikikumbuka kauli yako nacheka: ukitaka kujua dizeli inakwenda wapi, muulize anayelala na tenki.

Nilimwona juzi. Analinda geti la ghala la mbao. Bado kajaza pamba masikioni, yeye na nyuki wake anaodai kuwasikia. Nilivuka barabara nisikutane naye.

Wewe ndiye fundi umeme wa ukoo, na nyaya za Bikizee nyingi ni mkono wako. Niambie tuanzie wapi.

Dada yako


19 Machi

Dada,

Shikamoo. Mpe Mama shikamoo yangu, mwambie shati ni langu, nimenunua kubwa kwa makusudi. Mke wangu hajambo, watoto wanasoma. Mimi nipo hapa karakana ya mabasi. Nafanya kazi ndani ya shimo, gari linasimama juu yangu, kwa hiyo dunia naijua kwa upande wa tumbo. Hongera kwa binti.

Redio mrudishie Shemeji. Redio iliyozimwa hailali na betri.

Fanyeni hivi. Zimeni kila kitu na mfunge milango, maana taa ya ndani ikiwaka itawadanganya. Kwenye betri fungua waya wa hasi, ule unaokwenda kwenye bodi. Chukua balbu ndogo ya taa ya nyuma yenye nyaya mbili. Waya mmoja ugusishe pale kwenye betri ulipofungua, mwingine ugusishe kwenye ule waya uliofunguliwa. Balbu isipowaka, gari halili kitu, betri ndiyo mbovu. Ikiwaka, kuna kinachokula. Hapo Shemeji achomoe fyuzi moja, aangalie balbu, airudishe, achomoe nyingine. Fyuzi itakayozima balbu, mwizi yuko kwenye njia yake.

Mkiwa mnatafuta, mwambie aegeshe kwenye mteremko wa pale kwa muuza magodoro. Asubuhi aachie breki, litembee lenyewe, likikolea mwendo aingize gia ya pili aachie klachi. Litawaka bila stata. Hamtachelewa zamu.

Mwingine uliyemtaja mwishoni sina habari zake.

Mdogo wako


11 Aprili

Mdogo wangu,

Habari za shimoni. Huku Mama anakula vizuri, kaanza kugombana na kuku wa jirani, ni dalili ya afya. Binti kaleta mshahara wa kwanza, kaninunulia viatu vinavyonibana, navivaa hivyo hivyo.

Tulifanya ulivyosema. Mimi nimeshika balbu, Shemeji yako kainama kwenye kisanduku cha fyuzi na miwani yake ya kusomea. Balbu ikawaka kidogo, kama jicho la paka mgonjwa. Nikasema haya, mwizi yumo. Akachomoa ya kwanza, nikasema bado. Ya pili, bado. Tukaenda hivyo mpaka akaniuliza kama nimelala. Mwisho akachomoa zote, akazimwaga kwenye kofia yake, kisanduku kikabaki kama fizi za Mama. Balbu bado inawaka.

Sasa niambie, fyuzi zote ziko kwenye kofia, moto unapita wapi?

Na jambo jingine, mvua ikinyesha inakuwa mbaya zaidi. Wiki ya jua kali iliwaka siku zote. Mvua ikaja, tik.

Nilimwita fundi wa hapa kona, yule mwenye meno ya mbele mapana. Kaangalia, kajikuna, kasema lazima kuna waya umefungwa moja kwa moja kwenye betri bila kupita kwenye fyuzi. Anataka kung'oa kitanda cha kebini afuate nyaya. Nimemwambia asubiri, mwenye nyaya yuko hai, tumuulize kwanza.

Mteremko unatusaidia. Asubuhi Bikizee anashuka kimya kama mwizi, halafu pale kwa muuza magodoro anakohoa, anawaka. Watoto wa mtaa wanapiga makofi.

Jibu haraka.

Dada yako


30 Mei

Dada,

Shikamoo. Samahani nimechelewa. Kazi ilikuwa nyingi, na mtoto mdogo aliumwa kifua, sasa kapona. Nafurahi Mama anapigana na kuku.

Balbu ikiwaka na fyuzi zote ziko nje, mara nyingi ni alteneta, ile inayojaza betri injini ikienda. Ndani yake kuna vipande vinavyozuia moto usirudi nyuma. Vikifa, alteneta inakula betri gari likiwa limesimama. Mwambieni fundi aitoe, apime tena na balbu. Kama si alteneta aangalie waya mnene wa stata, huenda umechunika.

Kitanda kiacheni. Mbao za pale zimeoza, mkizing'oa hazirudi. Pale hakuna kitu.

Salimia wote.

Mdogo wako


23 Juni

Mdogo wangu,

Tupo.

Alteneta ilitolewa, balbu inawaka. Waya wa stata ukafunguliwa, balbu inawaka. Fundi wa kona kakasirika, kasema kama mwenye nyaya anajua kuliko yeye basi aje mwenyewe, akafunga begi lake akaenda. Sikumlaumu.

Shemeji yako anaendelea na mteremko. Mgongo unamuuma, maana siku likikataa inabidi tusukume, mimi nikiwa na hivi viatu vinavyonibana. Ananiuliza mbona wewe siku hizi unaandika kama mtu anayelipia kila neno. Nimemwambia ndivyo ulivyo tangu utoto. Lakini nilirudi kuisoma barua yako. Mimi sikukuuliza kama mbao za kitanda zimeoza. Kwanza hazijaoza, Shemeji yako alizibadilisha mwaka juzi.

Dada yako


6 Julai

Mdogo wangu,

Mama hajambo. Watoto hawajambo.

Jumanne asubuhi Shemeji yako aliachia breki pale mteremkoni. Ilikuwa imenyesha. Lori likashuka, akaingiza gia, likakohoa, halikuwaka. Akajaribu tena, halikuwaka. Injini ikiwa haiendi, breki za Bikizee ni kama kukanyaga jiwe. Kule chini kulikuwa na watu wanasubiri usafiri. Akalitupa kwenye ukuta wa bohari ili asiwafikie. Ukuta ulianguka. Mguu wake wa kulia umevunjika mara mbili, chini ya goti. Watu wote wazima.

Yuko hospitali, kitanda cha dirishani. Hakulia wala hakulalamika. Aliniuliza kama taa za mbele zimevunjika. Moja.

Wa kiwanda wametupa mpaka mwisho wa mwezi ujao. Lori lina mdomo uliopinda, lakini injini ni nzima. Halina dereva, na moto wake bado unaliwa.

Naenda kumpelekea uji.

Dada yako


15 Julai

Dada,

Leo salamu nimeziweka mwisho. Soma hili kwanza.

Nyuma ya kitanda cha kebini, upande wa kushoto, kuna kipande cha bati kimeshikwa na skrubu mbili. Kifungueni. Ndani mtaona pampu ndogo ya umeme, ukubwa wa kopo la maziwa. Ina waya mwekundu unaoshuka chini ya kebini na kwenda moja kwa moja kwenye betri. Haupiti kwenye fyuzi. Swichi yake iko chini ya ngazi ya kupandia, imefunikwa na tope. Hiyo swichi sasa imeoza, ikipata maji inapitisha moto hata kama imezimwa. Kateni waya mwekundu palepale kwenye betri, mfunge ncha yake kwa utepe. Halafu pimeni na balbu, haitawaka.

Nimeanza na hilo ili hata ukiichana barua hapa, lori liwe limepona.

Pampu niliifunga mimi. Ni mwaka ule nilioachishwa kazi, ukanipa chumba cha uani, ukawa unaniletea chakula na chai yangu ikiwa imefunikwa kisahani. Unakumbuka Taratibu alikuwa halali nyumbani kwake usiku wa kuamkia safari, analala humo kebini, hapo hapo uani, kwa sababu hataki Bikizee abaki peke yake. Akishalala natoka, naingiza mkono chini ya ngazi, nabonyeza. Dizeli inatoka kwenye tenki inapanda kwenye pampu, inashuka kwa mpira mpaka kwenye dumu nililolaza chini ya gari. Dumu likijaa nazima. Yeye yuko juu ya hiyo pampu, kichwa chake na pampu vimetenganishwa na bati tu. Nilikuwa namsikia akikohoa.

Sikuwa na njaa, Dada. Ulikuwa unanilisha. Nilikuwa naona aibu kukuomba hela ya sigara, na kuiba sikuona aibu. Sijui nikuelezee vipi zaidi ya hapo.

Ulipoanza kuuliza mbona lori linakunywa hivi, nilijua utafika kwangu. Ndipo nikasema muulize anayelala na tenki. Nilisema kama utani, nikiwa nanawa mikono. Wewe ukacheka, halafu ukaacha kucheka. Siku uliyomfukuza mbele ya watu nilikuwa nimesimama dirishani kwenye chumba cha uani. Aliomba jambo moja tu, apande achukue mto wake. Akaupiga piga vumbi, akaondoka nao kwapani. Mimi nikarudi kulala, na usingizi ulikuja. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko yote, kwamba ulikuja.

Nilipopata kazi huku nikang'oa mpira. Pampu nikaiacha. Nilisema nitarudi kuitoa, kisha nikasahau, au nilijisahaulisha, siku hizi sijui tofauti.

Barua yako ya Aprili, ya fyuzi kwenye kofia, nilipofika kwenye neno mvua nikajua. Sikuhitaji kupima. Barua hiyo nilitembea nayo mfukoni mwa ovaroli mpaka ikashika grisi. Halafu nikakutuma kwenye alteneta, nikijua ni nzima. Na mteremko ni mimi niliyeusema. Mguu wa Shemeji umevunjwa na mimi, nikiwa nimekaa huku kwenye shimo.

Sijui nasikia nini. Ningekuandikia nalia lakini silii. Nakula, naingia shimoni, natoka. Wenzangu wakinitania nacheka mahali pa kuchekea. Mke wangu nimemwambia jana. Kanitazama, akaendelea kukunja nguo.

Mwonyeshe Shemeji barua hii. Taratibu sijui aambiwe vipi, nakuachia wewe, ingawa najua nakuachia tena kazi yangu.

Shikamoo. Shikamoo ya Mama pia.

Mdogo wako


28 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba.

Mama hajambo, hajui lolote, anaulizia ile picha nyingine uliyoahidi. Shemeji yako karudi nyumbani, mguu una plasta mpaka pajani. Binti kamshonea kifuniko cha plasta kwa kitambaa cha mapazia, anaonekana kama kiti cha sebuleni. Nilimsomea barua yako. Akasema basi redio haikuwa na kosa. Tangu hapo hajasema lingine juu yako.

Tulifungua bati. Ipo. Fundi wa kona alirudi nilipomwomba radhi, akakata waya, akapima, balbu imezima. Lori limelala nje kwenye mvua mara nyingi tangu siku hiyo na linawaka. Kwa sasa anaendesha kijana wa jirani wa kukodi, kiwanda wametuacha na zamu yetu. Kuhusu lori nimemaliza.

Barua yako sikuichana. Nilikaa nayo kama wewe ulivyokaa na yangu. Mwanzo nilikuwa nakuandikia jibu kichwani nikiosha vyombo, jibu refu, lina matusi ya watu wazima. Halafu nikawa nafika mahali pamoja nakwama. Maneno ulinipa wewe, lakini mdomo uliomfukuza ulikuwa wangu. Na barabara niliyovuka nilivuka kwa miguu yangu.

Kabla fundi hajafunga bati nilimwambia aiunganishe ile pampu kidogo nisikie. Inalia, lakini chini chini, mmmm, kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Nikaketi kwenye ngazi ya lori. Fundi akaniuliza kama nimepigwa na shoti.

Unakumbuka tulivyokuwa tunamcheka. Taratibu habari za nyuki? Taratibu leo umelina asali? Na yeye anacheka na sisi, huku anasokota pamba.

Nikaenda kwenye ghala la mbao. Ana kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya, na mto ni uleule, kaukalia. Alinipokea kama mteja, akaniuliza nataka mbao za saizi gani. Nikamwambia nimeleta barua. Macho yamepungua, nikamsomea yote, hata pale pa kikohozi. Watu wanapita na mbao, tunajivuta kuwapisha, naendelea. Nilipomaliza hakuuliza habari za dizeli, wala zako. Aliuliza, "Hiyo pampu inalia vipi?"

Nikamlilia vile ilivyolia. Mtu mzima mimi, nimesimama getini nafanya mmmm.

Akanisimulia, taratibu, kama anavyoendesha. Kumbe nyuki wale walimpeleka kwa daktari. Daktari akamulika, akasema masikio hayana kitu. Akaona daktari hajui. Tulipomfukuza, wiki hiyo hiyo nyuki wakaacha. Yeye akadhani pamba imemponya, akaogopa kuitoa. Akaitwa kuendesha lori la mtu mwingine, mshahara mzuri, akakataa mwenyewe. Alimwambia yule tajiri kwamba masikio yake yanasikia vitu visivyokuwepo, asije akaua watu barabarani. Ndiyo maana yuko getini.

Akatoa pamba sikio moja, halafu la pili. Akaziangalia mkononi.

"Kumbe nilikuwa mzima," akasema.

Basi. Nikamwomba radhi, akaitikia kwa kichwa, lakini naona alikuwa anasikiliza msumeno kule ndani. Nikamwambia Bikizee yupo, kiti chake kipo. Akasema umri umeshapita, mama, macho nayo. Akanisindikiza mpaka barabarani.

Nilipokuwa naondoka aliniita. Anasema ukija, upite kwake kwanza kabla ya kuja kwangu. Sijui atakuambia nini. Mimi mwenyewe bado sijapata cha kukuambia, kwa hiyo ratiba yake inanifaa.

Pampu hatujaitoa. Tumekata waya tu. Nilimkataza fundi asiiguse.

Dada yako


9 Septemba

Dada,

Shikamoo. Huku wazima. Mke wangu anakusalimia, tumeanza kuongea, kuhusu watoto tu. Picha ya Mama nitaileta mwenyewe.

Nimeomba ruhusa karakana. Nafika Ijumaa na basi la asubuhi. Usije stendi, na Mama usimwambie apike. Nitashukia kule kwenye ghala la mbao. Akinikalisha nitakaa, akinifukuza mbele ya watu nitaondoka, halafu nitakuja kwako kwa miguu.

Kijana asitoke na lori siku hiyo mpaka nifike. Spana ya kuifungulia pampu usiitafute, ninayo. Ni ileile niliyoifungia.

Mdogo wako